Kukimbia na Kukimbilia

Asubuhi moja ya mwezi wa Juni, pepo za kusi zilipokuwa zimekwisha kushika na anga ya Tanga imeoshwa na mvua za mwisho za masika, nilikuwa nikipita katika mtaa mmoja wa Ngamiani kwa mwendo wangu wa siku zote, alipotokea uchochoroni mtoto wa kiume wa miaka saba hivi, bakuli la bati mkono mmoja na sarafu katika kiganja cha pili, akanitazama tangu viatu hata mvi, kisha akasema kwa adabu aliyofunzwa kwao, "Shikamoo, babu." Nikamwitikia, "Marahaba, mjukuu wangu." Naye, kwa kuwa adabu ilikuwa imekwisha kupata haki yake na sasa ni zamu ya udadisi, akaniuliza, "Babu, wakimbia nini?"

Sikumjibu siku ile. Nilitabasamu, nikamwinulia mkono, nikaendelea na njia yangu kuelekea relini. Lakini swali lile halikubaki mtaani pamoja na aliyeliuliza. Lilinifuata hata baharini, likarudi nami nyumbani, likaketi nami juu ya mkeka wakati wa chai, na mpaka leo ni miezi mingi sijaachana nalo. Maana lugha yetu ina siri katika neno hili, na mtoto yule, bila ya kujua, alikuwa ameigusa siri hiyo kwa kidole. Kukimbia kwetu si kwenda mbio tu. Mtu hukimbia nyoka, hukimbia deni, hukimbia vita, hukimbia aibu; na wazee wetu walipotaja mbio zisizokuwa na hofu ndani yake aghalabu walisema fulani aenda mbio, wakaliacha neno kukimbia lichukue mzigo wake wa kuepa na kutoroka. Kwa hiyo mtoto anapomwona shaibu mwenye kichwa cheupe akitoka jasho alfajiri, peke yake, hana mpira mbele yake wala mbwa nyuma yake, ana haki kamili ya kuuliza ni kitu gani anachokikimbia.

Nataka kumjibu sasa, kwa kituo, kama inavyostahili mtu aliyeuliza swali la kweli.

Sharti nianze kwa kukiri kwamba zilipoanza mbio zangu za utu uzima, nilikuwa nakimbia kwa maana ile ile ya kwanza. Nilikuwa na miaka 53, mwalimu wa sekondari, mwenye kitambi cha heshima na pumzi za kuazima. Katika mwaka mmoja nilizika rafiki wawili wa rika langu, mmoja tuliyefundisha naye chumba kimoja miaka kumi na minne. Alilala usiku mzima wa siha, asubuhi hakuamka. Wiki chache baada ya arubaini yake nilipimwa presha, na daktari akanitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Aliniambia mambo mawili: nipunguze chumvi, na niutembeze mwili wangu kabla haujasahau kutembea. Nilitoka pale na khofu ambayo sikuwahi kuijua katika ujana, khofu isiyokuwa na sauti, ambayo haikufukuzi bali hukaa tu chini ya kitanda ikingoja.

Basi nikanunua raba za mtumba, nikaanza. Siku ya kwanza nilikimbia kutoka nguzo moja ya umeme mpaka nguzo ya pili, nikatembea mpaka ya tatu, nikakimbia tena mpaka ya nne, na nilipofika ya sita moyo ulikuwa ukigonga masikioni. Nilitoka gizani ili nisionekane, nikarudi kabla hakujapambazuka. Mwezi wa pili zilikuwa nguzo tatu kwa mfululizo. Mwezi wa tano sikuhesabu nguzo tena, nilihesabu mitaa. Na ulipotimia mwaka nilifika Raskazone, kule ufukweni, na kurudi bila ya kusimama. Haba na haba, wasemavyo wenye kibaba. Lakini katika mwaka wote ule, nasema kwa ukweli, sikuonja utamu hata mara moja. Nilikuwa mkimbizi. Kila hatua ilikuwa hatua ya kuikimbia ile asubuhi ambayo rafiki yangu hakuamka.

Watu wa umri wangu katika nchi hii walijifunza mbio kabla ya kujua kwamba wanajifunza. Shuleni, kengele ya darasa haijalia, tulipangwa mistari miwili tukaondoka kwa mchakamchaka, neno ambalo limetungwa na miguu yenyewe, kwani ukilitamka polepole wasikia nyayo mia zikiponda changarawe. Na baadaye katika kambi za Jeshi la Kujenga Taifa, jeshi lililoasisiwa mwaka 1963, tulikimbia vivyo hivyo na nyimbo vinywani, nyayo zikianguka kwa pamoja, mwenye nguvu akimngoja mnyonge kwa sababu ya amri na mnyonge akimfuata mwenye nguvu kwa sababu ya aibu. Zile zilikuwa mbio za umma. Zilikuwa na uzuri wake, uzuri wa kupotea katika wengi, na hata leo nikisikia kundi la vijana likipita barabarani na nyimbo zao siku ya Jumamosi, miguu yangu huitika kabla ya akili.

Tena kulikuwako mbio za ushindani, na hizo ndizo zilizoushika ujana wangu. Nilikuwa na miaka 15 tarehe 2 Februari 1974, siku ambayo mjini Christchurch, nchini New Zealand, katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Filbert Bayi alitoka mbele tangu mwanzo wa mbio za mita 1,500, akakataa kumwachia mtu yeyote uso wa uwanja, akamaliza kwa dakika 3 na sekunde 32.2, rekodi mpya ya ulimwengu. Habari ile ilipotufikia kwa redio, hapakuwa na mvulana wa shule yetu ambaye hakuwa Bayi kwa mwezi mzima. Tulikimbia ufukweni maji yakiwa yamekupwa, kila mmoja akitaka kuwa mbele tangu hatua ya kwanza, tukaishiwa na pumzi kabla ya robo ya njia. Tuliiona nafasi ya mbele aliyoishika, lakini hatukuiona kazi iliyomweka pale. Ujana hupenda mkimbiaji ambaye wengine wote wako nyuma yake. Ujana wenyewe ndivyo ulivyo: daima kuna kitu nyuma yake, nao wataka kukizidi mbio.

Jina lingine tulifundishwa pia, nalo ni la John Stephen Akhwari wa Mbulu. Lakini nakiri kwamba nililisikia kwa masikio tu, nikalielewa nilipokwisha kuota mvi. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika mbio za marathoni za Michezo ya Olimpiki mjini Mexico City, mji uliokaa zaidi ya mita 2,200 juu ya bahari, Akhwari alianguka njiani, goti lake likaumia vibaya. Mamo Wolde wa Ethiopia, mtu wa miaka 36, umri ambao wengi huita wa kustaafu michezo, alishinda; na zaidi ya saa moja baada ya mshindi kumaliza, watu wengi wakiwa wamekwisha kuondoka uwanjani na giza limeingia, Akhwari aliingia na mguu uliofungwa bendeji, akichechemea, akafika kwenye mstari. Alikuwa wa 57 na wa mwisho kati ya waliomaliza, na nyuma yake hapakuwa na mtu ila wale walioacha njiani. Jibu alilotoa alipoulizwa sababu ya kuendelea kila mtoto wa shule Tanzania analijua, wala sina haja ya kulirudia. Mimi hufikiri zaidi juu ya zile kilomita kabla ya swali, alipokuwa peke yake barabarani. Hapakuwa tena na wa kumshinda, wala wa kumkimbia. Medali ilikuwa imekwisha kuvalishwa mwingine. Kilichobaki ni mtu, maumivu yake, na mahali alipokusudia kufika. Bayi ni fahari ya ujana wangu. Akhwari ni mwalimu wa uzee wangu.

Maana uzee, kama wataalamu wa siha wanavyotufundisha na kama magoti yanavyothibitisha, huanza kwa kutunyang'anya silaha za ushindani. Uwezo wa mwili kuitumia hewa ya oksijeni hupungua takribani sehemu moja katika kumi kwa kila miaka kumi baada ya ujana, ingawa kwa mwenye kufanya mazoezi hupungua kwa upole zaidi. Upeo wa mapigo ya moyo hushuka mwaka hata mwaka. Kano hukakamaa, na kidonda kilichokuwa kikipona kwa juma sasa chataka mwezi. Walakini katika kunyang'anywa huko mna hekima iliyofichika. Nyuzi za misuli zitumikazo kwa mbio fupi na za kasi hudhoofu mapema kuliko zile zitumikazo kwa mwendo mrefu wa taratibu, kana kwamba mwili wenyewe, kama mzee wa nyumba agawaye mali yake akingali hai, umeamua kitu gani kiende kwanza na kitu gani kikae mpaka mwisho. Kasi huenda. Kudumu hukaa. Na mtu ambaye katika ujana wake alizipuuza mbio ndefu kwa kuziona za kuchosha, hujikuta uzeeni amepewa hizo tu, kisha hugundua kwamba alikuwa amepewa bora.

Ubora huo ndio nitakao kuueleza, nao ni mgumu kuuelezea, kwa kuwa kwa nje hakuna kinachotokea.

Huondoka nyumbani baada ya sala ya alfajiri. Wakati huo mwanga ni wa kukisia, mitaa ya Ngamiani imenyooka kama mistari ya daftari, na harufu ya kwanza ya siku ni ya vitumbua vinavyogeuzwa katika mafuta barazani. Huvuka reli, ile ambayo ilianza kujengwa hapa mwaka 1893 na ikachukua karibu miaka ishirini kwenda kilomita takribani 350 mpaka Moshi, na kila nikiivuka hujiambia kwamba hata chuma kilikwenda polepole nacho kikafika. Hupita mjini ambako maduka yangali yamefumba macho, hushika njia ya Bombo, bandari ikiwa kushoto kwangu na kisiwa cha Toten kimelala juu ya maji kama mtu aliyejifunika shuka. Na hapo upepo mwembamba wa umande, utokao bara, hunisukuma mgongoni kwa adabu. Ni siku za bamvua, maji huwa ndiyo kwanza yanaanza kuondoka ufuoni, na wachokoaji pweza wangali wakiyangoja. Ni siku za maji mafu, bahari huwa imekaa tu, haina neno. Nikifika Raskazone jua huwa linatoka baharini, jekundu, bila ya miale, kitu ambacho macho yaweza kukitazama kwa muda mfupi, kisha hayawezi tena. Hapo hugeuka. Na siku ambazo hewa ni safi, katika kurudi huiona milima ya Usambara kule magharibi, buluu juu ya buluu, ikiipokea nuru ile ile niliyoiacha nyuma.

Hayo ni ya nje. Ya ndani yana safari yake, nayo hufanana na safari ya chombo kitokacho bandarini. Nusu saa ya kwanza moyo ungali bandarini: makelele, madeni, ada ya mjukuu, neno nililoambiwa jana na jibu zuri ambalo sikulitoa. Katika nusu saa hiyo hugombana na watu wengi, na wengine huwa wamekwisha kufa. Sikatazi. Nimejifunza kwamba fikra zikizuiwa hupiga kelele, na zikiachwa zipite hupita, kama mashua zinavyopishana mlangoni mwa bandari. Nusu saa ya pili chombo kiko katika mkondo. Makelele yamebaki pwani, na yanayokuja sasa huja yenyewe bila ya kuitwa: sauti ya mama akinadi maandazi, harufu ya chaki, uso wa mwanafunzi aliyekaa dirishani mwaka fulani ambao siujui tena. Sijui ni kwa tadbiri gani miguu hufungua milango ambayo kichwa hakina funguo zake. Najua tu kwamba baadhi ya watu niliowapenda sasa nakutana nao barabarani zaidi ya mahali pengine popote.

Kisha, si kila siku, wala si kwa kutaka, chombo huingia kilindini. Pumzi huwa imekwisha kupata mizani yake, hatua tatu kuvuta na hatua tatu kutoa. Mkono haujui kwamba ni mkono. Njia haina mwanzo wala mwisho, ina hapa tu. Hakuna ninalolifikiri, wala sikulala. Nasikia kila kitu, jogoo, baiskeli, mnazi, mapigo yangu, na hakuna kinachoniita kwa jina. Wenye kusali kwa khushui wataijua hali ninayoitaja, na wenye kuvuta tasbihi usiku wataijua zaidi. Sithubutu kuvilinganisha, kwani ibada ni ibada na mbio ni mbio, lakini nasema kwamba ni majirani, na ukuta ulio baina yao ni mwembamba. Hali hiyo hudumu dakika kumi, pengine ishirini. Ikitoka, hutoka kama ilivyoingia, nami hujikuta niko karibu na reli, nina kiu, ni mzee wa miaka 66, na sina ninachokidai kwa mtu.

Nimekuwa nikijiuliza kwa nini hali hii haikunijia nilipokuwa kijana mwenye mapafu mazuri, na jibu nimelipata katika neno ambalo twalitumia kila siku bila ya kulisikia. Riadha ni neno tulilolipokea kutoka Kiarabu, nasi tumelifunga katika viwanja na saa za mkononi. Lakini kwa wenyewe waliolizaa lilitumika kwa kumfundisha farasi mpaka akakubali hatamu, na kutoka hapo likapanda likatumika kwa kuifundisha nafsi. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake kikubwa cha Ihyaa, alitenga fungu zima kwa riadha ya nafsi, na hakika hakuwa akizungumzia mita 1,500. Kijana ana farasi mwenye nguvu naye humpiga mjeledi, kwa hivyo safari yote hushughulika na farasi. Mzee ana farasi aliyechoka ambaye hawezi kulazimishwa. Sharti amsikilize, ajue leo goti lasemaje na kifua chasemaje, ampe maji, amshushie mzigo, aende naye na wala si juu yake. Na katika kusikiliza huko, siku hata siku, nafsi nayo huzoea kusikiliza, ikapunguza amri zake. Hiyo ndiyo riadha. Iliyotangulia ilikuwa mashindano.

Nilifunzwa hayo kwa ukali nilipokuwa na miaka 59. Nilikuwa nimeshiriki nusu marathoni kule Moshi, katika mbio zinazoitwa kwa jina la mlima Kilimanjaro, ambapo njia hupanda kuelekea Mweka kwa mwinuko usiokuwa na huruma, na niliporudi nimefika salama, nikiwa miongoni mwa wa mwisho na mwenye furaha kuliko wengi wa kwanza, ghera ilinishika. Nikaongeza masafa kabla ya kano ya kisigino kutoa idhini. Ikavimba, ikawaka, nikakaa miezi mitatu bila ya kukimbia hatua moja. Wiki za kwanza nilikuwa mtu wa kununa. Mke wangu, ambaye ana subira ya watu wawili, alinivumilia. Halafu alfajiri moja, nimeketi barazani na mguu juu ya kigoda, nilijikuta navuta pumzi kwa mizani ile ile, tatu kwa tatu, mwili umetulia, moyo umetulia, na nikatambua kwamba kile nilichokuwa nikikifuata Raskazone kilikuwa kimekuja kunitembelea nyumbani. Tangu siku ile sikuziogopa tena siku za kupumzika. Njia ilikuwa imekwisha kuingia ndani yangu.

Katika njia hiyo yako makaburi. Marehemu baba yangu amezikwa hapo, na yule rafiki yangu wa chumba cha walimu pia. Katika mwaka wa kwanza, mwaka wa kukimbia, nilikuwa nikipapita pale upesi na macho mbele. Sasa hupunguza mwendo, nikawatolea salamu watu wa makaburi, nikawaombea rehema, nikapita. Na kila nipitapo humkumbuka mzee mmoja ambaye sikuwahi kumwona, Ed Whitlock, mzaliwa wa Uingereza aliyeishi Milton, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, ambaye mazoezi yake yalikuwa kuzunguka ndani ya makaburi ya karibu na kwake, saa baada ya saa, mzunguko ule ule, hana mwenzi wala muziki. Mwaka 2003, akiwa na miaka 72, alikuwa mtu wa kwanza aliyevuka umri wa miaka 70 kukimbia marathoni, yaani kilomita 42 na mita 195, kwa muda wa chini ya saa tatu. Mwaka uliofuata, mjini Toronto, akaimaliza kwa saa 2, dakika 54 na sekunde 48. Na mwaka 2016, na miaka yake 85, aliikamilisha kwa muda wa chini ya saa nne. Mwezi Machi mwaka 2017 alifariki. Watu huzistaajabia saa zake, nami nazistaajabia. Lakini kinachonikaa moyoni zaidi ni uwanja aliouchagua. Mtu anayekikimbia kifo hawezi kuzunguka makaburini kila siku. Angekutana nacho kila mzunguko.

Hapa huja wenye hesabu, na hesabu yao ni ya haki. Katika Chuo Kikuu cha Stanford, kule Marekani, tangu mwaka 1984 walifuatiliwa watu waliotimiza miaka 50 na zaidi, wakimbiaji upande mmoja na wasiokimbia upande mwingine. Baada ya miaka 19, katika kila mia moja ya wasiokimbia walikuwa wamefariki 34, na katika kila mia moja ya wakimbiaji walikuwa wamefariki 15, na ulemavu wa uzeeni uliwachelewa wakimbiaji kwa miaka mingi. Nafurahi kwa habari hiyo, na kwa sababu yake nawasihi wenzangu, wake kwa waume, wakapimwe, wakanywe maji ya kutosha, wakalikwepe jua la saa nne, kisha wakaanze nguzo moja leo na mbili mwezi ujao. Lakini mtu aliyekwisha kuitia akili hesabu hiyo atajua pia kwamba ukiungoja utafiti miaka ya kutosha, pande zote mbili zitafikia mia kwa mia. Mbio haziondoi ukingo. Mbio za sakafuni, wamesema, huishia ukingoni. Ikiwa faida yake yote ni kuuchelewesha ukingo, basi ni faida ya kukopa. Mimi nimepata faida nyingine, ambayo haingoji mwaka wa kumi na tisa kuhesabiwa. Nimeipata leo asubuhi.

Na hapo ndipo nilipomwelewa mtoto wa Ngamiani. Lugha ile ile iliyotupa kukimbia, ukilipachika neno hilo kiungo kidogo tu cha katikati, hukupa kukimbilia. Na kutoka katika mzizi mmoja yametoka majina mawili ambayo mtu angedhani hayajuani: mkimbizi, mtu aliyepoteza mahali pake, na kimbilio, mahali palipompokea. Safari yangu ya miaka 13 barabarani imekuwa ni safari ya kutoka katika jina la kwanza kwenda katika la pili. Miguu ni ile ile, njia ni ile ile, jasho ni lile lile. Sikuwahi kuongeza kasi, nimeipunguza. Kilichobadilika ni upande ambao moyo unauelekea. Yule aliyetoka nyumbani gizani ili asionekane alikuwa akiiacha nyuma yake asubuhi ya kutisha. Huyu anayetoka leo aiendea asubuhi, ajue hii ni moja katika zilizobakia, aifikie ingali mbichi, kabla ya watu kuitia mikono.

Juma lililopita nilikutana naye tena, mahali pale pale, na bakuli lile lile la bati. Tukaamkiana. Nikapunguza mwendo nikamwambia, "Mjukuu wangu, uliniuliza nakimbia nini. Sikimbii kitu. Nakimbilia." Akafikiri kidogo, akauliza, "Wakimbilia wapi?" Nikamwonyesha kwa kidevu upande wa baharini, ambako anga ilikuwa imeanza kufunguka. Akatazama, akaridhika, kwa kuwa watoto huridhika upesi na jibu lililo mbele ya macho yao. Kisha akanena kwamba yeye aenda kwa mama wa vitumbua, na njia yetu ni moja mpaka kona.

Tukaenda pamoja. Alinipita mara moja, miguu mitupu, sarafu zikilia kiganjani, akafika kona, akageuka akanirudia mbio, akanizunguka, akatangulia tena, akarudi tena, hata ile njia moja yeye akawa ameikimbia mara tatu. Hakuwa akikimbia kitu, wala hakuwa akikimbilia mahali. Alikuwa ana miguu na kulikuwa kumepambazuka. Nikamtazama, nikaona kwamba yuko mbele yangu kuliko nilivyodhani, na kwamba mwendo uliobaki, kama Mungu akinipa aushi, ni wa kumfuata huko.

Penye kona akasimama, akashika bakuli lake kwa mikono miwili, akasema, "Haya, babu." Nami nikasema, "Haya, mjukuu wangu," nikavuka reli.